Maboksi Matupu ya Mdogo Wangu

Watu wa mtaa huu wakinikuta nimekaa mlangoni hawaniulizi habari yangu, wananiuliza habari ya mdogo wangu. Hajambo? Kafungua? Wiki hii anapokea? Utadhani mimi ni kibao cha kuelekezea kwake. Haya, leo nitawaeleza habari zake zote, tangu anaota meno, ili mtu asinisumbue tena. Ila msitegemee nimpake mafuta. Nampenda, ni damu yangu, lakini kijiba cha roho ninacho, najua hata kilipokaa, na dawa yake sijaipata.

Mtaani wanamwita Taratibu. Jina lilianzia nyumbani, tukiwa wadogo. Mama akiita kula, mimi nafika mbio na mikono haijanawa, yeye anakuja nyuma akifunga milango. Tukipewa biskuti, zangu ziliisha kabla sijakaa. Yeye anakula moja, nyingine anaikunja kwenye karatasi na kuiweka chini ya mto. Kesho yake mimi nina hamu, yeye ana biskuti. Nikimwomba ananikatia nusu. Hapo ndipo roho iliponiuma hasa, maana angeninyima ningempiga ngumi yakaisha, lakini alinipa. Mama akituona anasema, "Mwone mwenzako." Maneno hayo mawili nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe.

Basi tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani. Siku moja, hata moja, mdogo wangu aniangalie aone gere. Anitolee macho, ameze mate. Mambo mengine yote niliyoyafanya maishani ni ya kupitishia muda.

Biashara ya vifaranga niliianza mimi, na hilo lisije likasahaulika. Ni mimi niliyekwenda kwa miguu yangu kwenye kituo cha kutotolesha, nikaomba uwakala, nikasubiri kwenye benchi mpaka sketi ikaota mikunjo. Kazi yenyewe ni hii. Wafugaji wa kuku wa nyama wanakuja kwangu kuagiza, nakusanya oda zao, napiga simu kituoni, wao wanaingiza mayai mashineni. Baada ya wiki tatu gari linakuja na vifaranga wa siku moja, wanapiga kelele ndani ya matenga. Hizo wiki tatu ndizo zinazotoa watu roho. Unamwagizia leo mtu ambaye hujui kama siku hiyo ikifika atakuwa bado anataka. Na kifaranga si sabuni, ukamweka kwenye rafu akusubiri. Akifika leo, leo hii apate joto, maji na banda, la sivyo shika jembe ukazike.

Mimi nilikuwa naagiza kwa pua. Naangalia hali ya hewa, nasikiliza nani anaoza binti, nani kafungua mgahawa, halafu nanyanyua simu. Mara nyingi nilipatia. Nikikosea, wanaobaki nawapeleka nyumbani, chumbani kwa mama, tunawawashia taa ya joto. Mama anakaa kwangu, mjue hilo. Analala kwangu, anakula kwangu, magoti yakimuuma nayakanda mimi, na kutwa nzima anamsifu Taratibu.

Taratibu nilimchukua mimi dukani anisaidie. Nikamfundisha kila kitu: kumtambua kifaranga mchovu kwa kumgusa miguu, kuchanganya maji ya glukosi, kubishana na dereva wa kituo. Akajifunza kimya kimya. Halafu siku moja akaja na sauti yake ile ya kuomba radhi.

"Dada, utakuwa na neno nikifungua la kwangu pale ng'ambo?"

Pale ng'ambo ni barabara tu inatutenganisha. Ukisimama mlangoni kwangu unaisoma kalenda iliyo ukutani kwake. Ningesema nini? Nikamwambia sina neno, na moyoni nilikuwa na maneno gunia zima.

Sasa sikilizeni alivyoendesha. Ukiingia kwa Taratibu hukuti vifaranga, unakuta maboksi. Maboksi ya plastiki yenye matundu ubavuni, yamepangwa ukutani kuanzia sakafuni mpaka darini, kila moja limeandikwa jina la mfugaji kwa rangi nyeupe, na yote matupu. Masharti yake ni kwamba mfugaji akishaanza kuwapa kuku wake chakula cha kumalizia, kile cha wiki za mwisho kabla ya kuuza, anaosha boksi lake kwa dawa, analianika, analileta dukani. Mpaka kuku wauzwe, banda lioshwe na kupumzishwa, zile wiki tatu zimekwisha, na vifaranga wapya ndio wanashuka garini. Boksi likiwa ukutani, mtu ameagiza. Boksi likiwa halipo, hajaagiza, hata akiapa kwa kulia. Siku ya kupiga simu kituoni, Taratibu anasimama katikati ya duka, anahesabu maboksi kwa kidole, anataja idadi hiyo hiyo. Haongezi hata kifaranga mmoja wa bahati.

Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Hivi wewe unauza vifaranga au maonyesho ya plastiki?"

"Watu wanadanganya bila kukusudia, Dada," akasema. "Mtu anakuambia niwekee mia mbili kwa sababu siku hiyo amefurahi. Lakini kuosha boksi na kulibeba mpaka hapa, hapo anakuwa anataka kweli."

"Na mteja wa njiani, asiye na boksi?"

"Nitamleta kwako."

Na kweli alikuwa ananiletea, anamvusha barabara kwa mkono! Mnayaona mambo hayo? Hata mteja wa njiani nilimpata kwa hisani ya mdogo wangu.

Chakula cha kuku nacho alikipanga safu mbili. Safu ya mbele ikiisha, anaanza ya nyuma, na siku hiyo hiyo anaagiza nyingine, kwa sababu anajua ile ya nyuma itamfikisha mpaka mzigo uje. Mimi nilikuwa naagiza nikishaiona sakafu. Ndiyo maana kwangu neno "hakuna" lilisikika, na kwake halikusikika. Mama alikuwa anakwenda kumtembelea kila Jumapili, na akirudi jioni ananipa ripoti nikiwa jikoni.

"Kwa mwenzako kumepangika! Hakuna mtu anayeondoka mikono mitupu."

"Mama, hicho unachokula amepika nani?"

"Wewe, mwanangu. Chumvi imezidi kidogo."

Tukaendelea hivyo, mimi nameza, yeye anapanga, mpaka mashine kubwa ya kituoni ilipoungua. Dereva wa kituo akatukusanya sote wawili kando ya gari lake.

"Kuanzia sasa kila wakala atapata nusu ya alichoagiza," akasema. "Na msinigombeze mimi. Mimi ni usukani tu."

Nusu ya alichoagiza! Nilirudi dukani nikakaa, nikalitafuna neno hilo, na mara nikaanza kucheka peke yangu. Kama nataka mia mbili na wananipa nusu, kinachonizuia kuagiza mia nne ni nini? Nikaagiza mara mbili ya haja yangu, nikapata haja yangu kamili. Taratibu akahesabu maboksi yake kwa kidole kama kawaida, akataja idadi ile ile, akapata nusu. Akawaita wafugaji wake, akawagawia kwa haki, boksi la mia likaondoka na hamsini. Nao wakaanza kuangalia ng'ambo.

Wakavuka, jamani. Mmoja mmoja, kwa aibu aibu, wakavuka barabara kuja kwangu. "Dada, eti kwako wapo?" Wapo! Karibu! Kaa! Nilikuwa naongea kwa sauti makusudi ili ivuke barabara. Siku hizo niliamka nikiimba, mpaka mama akaniuliza nimeokota nini. Na kila jioni nikifunga duka nilimtazama Taratibu usoni, natafuta. Natafuta hata mkunjo mmoja wa kijicho. Alikuwa ananipungia mkono na kunitakia usiku mwema. Ah, mtu huyu!

Kumbe ile akili ya ziada niliyojisifia walikuwa nayo mawakala wote wa miji yote. Kila mmoja akaagiza maradufu, na kituo hakina mayai ya kuwatosha, nusu ikawa robo. Mimi nikaongeza, wao wakaongeza. Kule kituoni wanapokea oda zinapanda kila wiki, wakaamini kwamba safari hii watu wameamua kweli kufuga kuku. Wakanunua mashine mpya, si moja, mbili. Dereva aliniambia habari hiyo, nikamwambia asiniletee porojo, mashine mpya tumezisikia tangu enzi za bibi.

Katikati ya hekaheka hizo, meneja wa kituo akaja mwenyewe. Akasimama dukani kwangu, Taratibu akaitwa, akatuambia bila kuzunguka.

"Mtaa mmoja mawakala wawili hatuwezi tena. Gari linasimama mara mbili kwenye barabara moja. Mwisho wa msimu atabaki mmoja. Tutaangalia mzigo wa mwisho. Aliyeagiza zaidi, akaupokea wote bila kurudisha hata tenga moja, uwakala ni wake."

Taratibu akasema amesikia. Nilijua jambo moja, wala halikuwa duka. Duka likifungwa ningefungua jingine la chochote, hata la ndizi. Lakini siku nitakayokaa nyumbani bila kazi, na Taratibu ndiye wakala wa mtaa mzima, mama atahamia ng'ambo. Hatagombana na mtu. Atakunja nguo zake, atasema anakwenda kumsaidia mwenzangu kazi zimemzidi, na atavuka akiimba. Kitanda chake kikishavuka, mimi nitabaki na nini cha kumzidi mdogo wangu? Ndicho kitu pekee nilicho nacho ambacho yeye hana.

Siku ya oda ya mwisho nilinyanyua simu nikataja idadi ambayo ilibidi nikae chini ndipo niitaje. Mara nne ya haja yangu, na juu yake nikaongeza ya kumkomoa.

"Mama, una uhakika?" akauliza kijana wa simu.

"Wewe andika!"

Haikupita wiki, simu ikalia. Ni dereva, kachangamka kama mtu wa harusini. Mashine mpya zimewaka zote mbili, mayai yamepatikana, na mzigo wa safari hii kila wakala anapewa alichoagiza kamili, hakuna cha nusu wala robo. Nikapiga kituoni palepale, nikaomba wanipunguzie.

"Mayai yako mashineni tangu siku ile ile uliyoagiza, mama," akasema yule kijana. "Sasa tuyaambie nini, yatoke yarudi kwa mama zao?"

Akacheka peke yake.

Nilizunguka mji mzima kutafuta wafugaji. Nimeingia mabanda ya watu, nimekanyaga nisivyotaka kuvitaja. Huyu banda limejaa. Yule amesitisha mpaka mvua ziishe. Na wengi, wengi mno, walinijibu jambo moja: "Mimi boksi langu liko kwa Taratibu." Hata wale waliovuka kuja kwangu wakati wa shida walikuwa wamesharudisha maboksi yao kule, kimya kimya. Nikawapigia mawakala wenzangu wa miji mingine niwaombe wanipunguzie mzigo, kumbe na wao walikuwa wanataka kunitwisha wa kwao. Mmoja alikuwa analia kabisa. Kwenda ng'ambo kumwomba mdogo wangu? Thubutu! Bora nife nimesimama.

Mzigo ukafika asubuhi ya manyunyu, baridi inakata masikio. Matenga yalishuka, yakashuka, yakajaza duka, yakaziba mlango, yakapangwa kibarazani chini ya turubai. Kelele zake huwezi kumsikia mtu aliye mbele yako. Nasaini kupokea, na wakati huo huo nikaona jambo. Gari lilikuwa linageuza kuondoka. Dukani kwa Taratibu halikushusha hata tenga moja.

Wamemkata! Niseme ukweli, pale katikati ya balaa langu, vifaranga wamenifika shingoni, nilisikia utamu. Nikamkimbilia dereva dirishani.

"Na ng'ambo vipi? Wamemkatia?"

"Hajaagiza," akasema dereva.

"Hajaagiza kiasi gani?"

"Hajaagiza kitu, dada. Sifuri." Akazima gari ili anisikie na nimsikie. "Nilimwambia mashine mpya zinafungwa, kama nilivyokuambia wewe ukanifukuza. Akaniuliza dada yake ameagiza ngapi. Nikamtajia. Akayatazama maboksi yake, halafu akaniambia, basi mimi safari hii msiniwekee. Nikamwambia huu ndio mzigo wanaouangalia, utakosa uwakala. Akasema anajua."

Niligeuka. Ng'ambo, mlango wa Taratibu ulikuwa wazi, na ukuta wake umejaa maboksi tangu chini hadi juu, matupu yote, yananitazama. Na yeye mwenyewe alikuwa anavuka barabara amejitwisha manne kichwani na mawili kila mkono.

"Dada, usisimame," akasema. "Hao wa juu watakosa hewa. Na kule nyuma umewasha jiko?"

Nyuma yake wakaja wenye maboksi, maana alikuwa amewaita wote siku hiyo, saa hiyo. Huyu mia, huyu mia mbili, yule hamsini. Wanajua mabanda yao yako tayari, joto limeshawashwa, maji yamewekwa. Taratibu anasoma jina kwenye boksi, mimi nahesabu vifaranga, boksi linaondoka. Mzigo ukapungua mbele ya macho yangu mpaka nikaiona sakafu. Waliobaki tuliwapeleka nyumbani, chumbani kwa mama. Mama alipandisha miguu kitandani, akasema tangu azaliwe hajapata wageni wengi hivyo. Waliokufa hawakuwa wengi. Niliwazika mwenyewe nyuma ya nyumba.

Mnategemea niseme nililia nikamkumbatia. Nilimshukuru, ndiyo, mdomo uliweza. Ndani nilikuwa nawaka moto! Mnaelewa alichonifanyia? Wiki tatu nzima kabla sijaanguka, huyu mtu alishaona nitakapoangukia, akapapangia maboksi. Mimi nahangaika, naapa, nakanyaga mabanda ya watu, kumbe nafasi yangu ya kuanguka imeshahesabiwa kwa kidole. Hata aibu yangu aliiagizia mapema. Afadhali angenicheka, ningejua pa kushika.

Na uwakala nikapewa mimi. Meneja alipiga simu mwenyewe akanipongeza: mzigo mkubwa kuliko wote katika msimu, umepokelewa wote, hakuna tenga lililorudi. Wakaniletea na kibao cha bati chenye picha ya jogoo. Siku ya kukipigilia juu ya mlango nilipanda ngazi mwenyewe, sikutaka fundi anipunguzie raha, na aliyenishikia ngazi ni nani? Taratibu. Amekuja bila kuitwa, ameikamata kwa mikono miwili nisianguke. Nikagonga msumari wa kwanza, nikamwangalia chini. Uso shwari kabisa.

"Hukukasirika?" nikamuuliza.

"Kwa lipi?"

"Nimekuchukulia uwakala!"

"Umechukua simu na kelele, Dada. Na kuamka alfajiri kungoja gari. Wafugaji wataleta maboksi kwangu, mimi nitakuambia ni mangapi, wewe utaagiza. Mbona umenipunguzia kazi."

Nyundo karibu inidondoke. "Kasirika basi! Hivi wewe umeumbwa na nini? Katika maisha yako yote hujawahi kunionea wivu, hata siku moja?"

Akainamisha kichwa. Nilidhani hajanisikia, nikataka kugonga msumari wa pili.

"Kila Jumapili," akasema.

"Jumapili imefanya nini?"

"Mama akija kwangu anazungumza wewe tu. Mwenzako ana watu. Mwenzako akiingia nyumbani unasikia mtu kaingia. Mwenzako hata akiharibu mambo tunacheka. Mimi napika, anakula, anasema kimepikwa vizuri, halafu ananisimulia wewe ulivyokiunguza, anacheka mpaka machozi. Jua likipungua anachukua mtandio wake anasema, 'Ngoja nirudi nyumbani.' Nyumbani, Dada! Mimi nikishafunga mlango napanga maboksi ambayo yameshapangwa." Alikuwa haniangalii, anaangalia mguu wa ngazi. "Uwakala uchukue. Usingechukua ningekupa. Mimi ninachokitaka kiko nyumbani kwako, chumba kimoja na vifaranga wako."

Jamani, Mungu anisamehe, nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Miaka yote ile, Jumapili zote zile! Mimi narudishiwa sifa zake jikoni, kumbe yeye naye kule analishwa za kwangu. Kale kabibi kanatutendea nini sisi? Nikagonga misumari yote iliyobaki kwa mpigo, kibao kikakaa kombo, na mpaka leo kimekaa kombo.

Raha hiyo haikudumu, na mwenye makosa ni yeye. Kesho yake alivuka na boksi moja jipya, halijawahi kutumika. Akaliweka kaunta. Limeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wake uliotulia: MAMA.

"Nini hiki?" nikamuuliza, na nilikuwa najua.

"Nimeagiza," akasema. "Hata akae msimu mmoja tu. Sikuharakishi, Dada. Najua mzigo una wiki tatu zake."

Akarudi kwake. Boksi nililipandisha rafu ya juu kabisa, nikaligeuza jina likaangalia ukuta. Wiki tatu zikafika, zikapita, na nyingine juu yake. Sasa mimi ndiye wakala wa mtaa mzima, na kila siku ya oda nasimama mlangoni nanyoosha shingo kuhesabu maboksi ya mdogo wangu, maana bila hayo sijui niagize ngapi. Nimeacha kuagiza kwa pua. Chakula nimekipanga safu mbili. Kwangu siku hizi hakuna anayeambiwa hakuna, isipokuwa mtu mmoja. Akipita ananiuliza kwa upole, "Dada, oda yangu?" Nami namjibu, "Mzigo haujafika." Anaitikia kwa kichwa, anavuka.

Wiki hii mama alikuja kukaa na mimi dukani, miguu yake inapenda jua la mlangoni kwangu. Alikuwa anakunja mifuko mitupu ya chakula, moja juu ya nyingine. Akainua macho.

"Hilo boksi tupu kule juu la nani? Naliona kila siku."

"La mteja, mama."

"Ameagiza?"

"Ameagiza."

"Alichoagiza kipo?"

Nikamwangalia. Mtandio umemteleza begani, vumbi la pumba limemjaa mikononi.

"Kipo," nikasema.

"Sasa unamcheleweshea nini mtoto wa watu?"

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta kaunta, ingawa nilikuwa nimeshaifuta. Ng'ambo, Taratibu alikuwa amesimama katikati ya duka lake, anahesabu kwa kidole.